Dada hahitaji viza ya Ireland, mdogo wake inamlazimu: ndoa zinafanana, kadi hazifanani

SWALI: Mimi ni Mtanzania, mwenyeji wa Tanga. Nimeolewa na Mjerumani na tunaishi Rotterdam, Uholanzi. Mdogo wangu naye kaolewa na Mjerumani, wao wanaishi Düsseldorf. Sote tuna pasipoti za Tanzania na kadi za ukaazi ambazo muda wake bado. Mtoto wa wifi yangu anaoa Cork, Ireland, na tumealikwa wote. Mimi nimeambiwa sihitaji viza, mdogo wangu kaambiwa anahitaji, na shirika la ndege limenijibu kuwa kila Mtanzania anahitaji. Baada ya harusi tunataka kupanda basi twende Belfast siku mbili. Halafu kuna mama yetu, yuko Tanga, naye anataka kuja kututembelea. Tumsikilize nani?

JIBU: Dada, shirika la ndege limekosea, wale wengine wamesema kweli bila kuwaeleza sababu. Wewe huhitaji viza ya Ireland, mradi usafiri pamoja na mumeo au umfuate huko aliko. Mdogo wako anahitaji, lakini yake hutolewa bure, tena kwa haraka, na hatakiwi kudaiwa taarifa za benki wala bima. Belfast ni ardhi ya Uingereza: huko nyote wawili mnahitaji viza ya kulipia. Habari ya mama nitaifikia mwisho, maana ina njia yake.

Kinachowatenganisha wewe na mdogo wako ni hatua moja ya waume zenu. Mumeo alivuka mpaka akaenda kuishi nchi isiyo yake. Shemeji yako alibaki kwao. Sheria kuu hapa ni Agizo la Umoja wa Ulaya namba 2004/38/EC la tarehe 29 Aprili 2004, na ibara yake ya 3 inasema linamhusu raia wa nchi mwanachama anayekwenda au kuishi katika nchi mwanachama nyingine, pamoja na jamaa zake wanaofuatana naye au wanaomfuata. Mjerumani akiwa Uholanzi, yumo. Mjerumani akiwa Ujerumani, hayumo, na mkewe anabaki chini ya sheria ya Ujerumani ya wageni. Matokeo yake ni kwamba mwanamke wa Tanga anaweza kuwa na haki pana zaidi ya kusafiri akiishi ugenini na mume wa Kijerumani kuliko akiishi na mume huyohuyo nyumbani kwao. Kwa maoni yangu hili ni pengo ambalo lingezibwa zamani, lakini ndivyo sheria ilivyo, na ukilielewa hilo tu, mengi yanayoonekana kama vurugu yanaanza kujipanga.

Vurugu nyingine inatokana na kwamba sheria hiyo haiko peke yake. Kuna kanuni za Schengen, eneo la viza moja na mipaka ya ndani isiyo na ukaguzi wa kawaida, nazo zinafunga nchi 29: wanachama 25 wa Umoja wa Ulaya pamoja na Norway, Iceland, Uswisi na Liechtenstein. Ireland na Cyprus zimo katika Umoja lakini hazimo Schengen. Uswisi imo Schengen lakini haimo katika Umoja, na uhuru wa kuishi huko unatokana na mkataba wake wa pekee ulioanza kutumika tarehe 1 Juni 2002. Kisha kila nchi ina sheria yake ya ndani. Afisa akikujibu kutoka tabaka moja na mwenzake kutoka tabaka jingine, utapata majibu mawili yanayopingana na kila mmoja ataapa kuwa yuko sahihi.

Sasa toa kadi yako uisome mbele na nyuma, na mdogo wako afanye vivyo hivyo. Yako ilitolewa kwa ibara ya 10 ya Agizo. Tangu tarehe 2 Agosti 2021, kwa Kanuni ya 2019/1157, kadi za jamaa wa raia wa Umoja lazima ziwe za umbo moja na zitaje Agizo lenyewe waziwazi. Mara nyingi utakuta maandishi «Family Member EU Art 10 DIR 2004/38/EC», au maneno ya maana hiyo kwa lugha ya nchi iliyotoa kadi. Aliyekwisha kaa miaka mitano mfululizo akapewa kadi ya kudumu, yake itasema Art 20. Kadi ya mdogo wako juu ina neno Aufenthaltserlaubnis, na kwenye sehemu ya maelezo kuna alama «§ 28», yaani kifungu cha sheria ya ukaazi ya Ujerumani kinachohusu jamaa wa Wajerumani. Mtanzania aliyeolewa na Mfaransa na kuishi naye Düsseldorf angepewa Aufenthaltskarte, ambayo ni jamii moja na kadi yako. Kwa mbali kadi hizi mbili za Ujerumani zinafanana rangi na ukubwa, na wengi hawajawahi kusoma ipi ni ipi mpaka siku wanarudishwa uwanjani.

Mambo matatu huwaponza wenye kadi kama yako. La kwanza, kadi za zamani ambazo hazifuati umbo jipya zinakoma kutumika tarehe 3 Agosti 2026 hata kama tarehe iliyochapwa juu yake ni ya mbele zaidi, na zile zisizo na mistari ya kusomwa na mashine zilikoma Agosti 2023. La pili, hati au stika inayoonyesha kuwa umeomba kadi bado si kadi. Sheria inataka upewe hati hiyo papo hapo unapoomba, na kadi yenyewe ndani ya miezi sita, lakini msamaha wa viza unakuja na kadi, si na hati. La tatu, majina. Kama pasipoti ya Tanzania ina jina la baba na kadi ina jina la mume, tiketi ikatwe kwa jina la pasipoti, na cheti cha ndoa kiwe mkononi kuunganisha majina mawili.

Msamaha wako wa viza umeandikwa ibara ya 5(2): mwenye kadi halali ya jamaa wa raia wa Umoja hadaiwi viza na nchi mwanachama nyingine. Ireland inafungwa na ibara hii ingawa haimo Schengen. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya imelisema hili mara mbili kwa namna isiyoacha shaka. Tarehe 18 Desemba 2014, katika kesi ya McCarthy, namba C-202/13, Uingereza, iliyokuwa bado mwanachama, ilikatazwa kumdai mke wa Kikolombia mwenye kadi ya Hispania kibali kingine ambacho alilazimika kukiomba upya kila baada ya miezi sita. Tarehe 18 Juni 2020, katika kesi ya Ryanair, namba C-754/18, raia wa Ukraine alikuwa amesafiri kutoka London kwenda Budapest akiwa na kadi ya kudumu ya Uingereza. Polisi wa Hungaria walimkatalia kuingia na shirika likapigwa faini. Mahakama ikasema kadi ya ibara ya 20 inasamehe viza sawa na ya ibara ya 10, kwamba haijalishi kama nchi iliyotoa kadi imo Schengen au haimo, na kwamba kadi yenyewe ni ushahidi tosha wa ujamaa. Weka namba za kesi hizo kwenye simu yako, utazihitaji kaunta.

Maana tatizo lako kubwa liko Schiphol, uwanja wa ndege wa Amsterdam, si Dublin. Shirika la ndege likimpeleka abiria asiye na hati sahihi, linatozwa. Kwa nchi za Schengen, Agizo la 2001/51/EC linataka kiwango cha juu cha faini kisipungue euro 5,000 kwa kila abiria, au kiwango cha chini kisipungue euro 3,000, na Ireland nayo ina faini zake. Mhudumu wa kaunta anajua kwamba akikuzuia kimakosa hatagombezwa sana, na akikuruhusu kimakosa atagombezwa. Anachofanya ni kufungua Timatic, mfumo wa masharti ya hati ambao mashirika mengi hutumia. Akiandika uraia Tanzania na safari Ireland, mstari wa juu unamwambia viza inatakiwa. Misamaha imepangwa chini yake, mmoja mmoja, na mmojawapo ni wa mwenye kadi ya jamaa wa raia wa Umoja anayesafiri naye au kumfuata. Asipoingiza kadi kwenye mfumo, au asiposhuka chini kusoma, wewe ni Mtanzania asiye na viza tu.

Kwa hiyo jipangeni hivi. Kateni tiketi wewe na mumeo katika oda moja. Msitegemee kujiandikisha mtandaoni. Mashirika mengine ya bei nafuu hudai pasi ya kupandia ndege ya abiria asiye wa Ulaya ipigwe mhuri wa ukaguzi wa hati kaunta, na bila mhuri huo mlangoni huvuki. Fikeni saa tatu kabla, na msichukue ndege ya mwisho ya siku. Kaunta mtoe vitu vyote pamoja: pasipoti yako, kadi yako, pasipoti au kitambulisho cha mumeo, nakala ya cheti cha ndoa. Mwambieni mhudumu kwa utulivu aingize kadi, kisha asome misamaha. Akikataa, ombeni msimamizi wa zamu. Akikataa naye, ombeni sababu kwa maandishi, yenye jina la shirika, namba ya ndege, tarehe na saa. Kuna wanaosahau hilo kwa hasira, na baadaye wanakosa cha kushika.

Karatasi hiyo ina thamani ya fedha. Kanuni ya 261/2004 inalipa fidia kwa abiria aliyenyimwa kupanda ndege bila sababu ya msingi, na kwa safari isiyozidi kilomita 1,500 kama Amsterdam kwenda Dublin ni euro 250, mbali na nauli. Mashirika hujitetea kwamba kasoro za hati ni sababu ya msingi. Lakini tarehe 30 Aprili 2020, katika kesi ya Blue Air, namba C-584/18, Mahakama ilisema shirika halijiamulii lenyewe kwamba hati hazitoshi halafu likaponea hapo. Kama hati zilikuwa sahihi, kumzuia abiria kunahesabika ni kumnyima safari.

Ukifika Dublin, onyesha kadi na pasipoti, mumeo awe pembeni yako. Usipitie foleni nyingine kwa kuogopa ukaachana naye, kwa sababu haki yako inatembea pamoja naye. Na hapa kuna jambo ambalo wenye kadi ya ibara ya 10 wengi hawalijui. Ukitaka kwenda Paris au Barcelona peke yako, unaweza, kwa kuwa kadi ya Uholanzi ni pia kibali cha ukaazi cha nchi ya Schengen, na kibali cha namna hiyo kinakupa siku 90 ndani ya siku 180 katika nchi nyingine za Schengen hata bila mume. Ireland hakuna mlango huo wa pili. Ukienda Dublin peke yako kutembea na mashoga zako huku mumeo yuko kazini Rotterdam, hufuatani naye wala humfuati, na msamaha haukuhusu. Vivyo hivyo kwa dada anayeishi Dublin na mume wa Kipolandi: akienda Hispania bila mumewe, anahitaji viza ya Schengen.

Tuje kwa mdogo wako. Kibali chake cha Ujerumani kinamfikisha Ufaransa, Italia au Poland kwa siku 90 ndani ya 180. Cyprus nayo, ingawa haimo Schengen, imeamua kuvikubali vibali vya Schengen kwa ziara fupi, kwa hiyo huko atapita. Ireland haijaamua hivyo, kwa hiyo kadi yake haimfikishi Cork. Lakini sikiliza vizuri hapa, maana ndipo wengi wanapopoteza haki yao: shemeji yako akikanyaga Ireland, naye amekwenda nchi mwanachama isiyo yake. Tangu hapo Agizo linamshika yeye na mkewe anayefuatana naye. Mdogo wako hana kadi ya kumsamehe viza, ila anayo haki ya viza yenyewe, bure na kwa utaratibu wa haraka. Mwombaji wa kawaida hulipa Ireland euro 60 kwa viza ya kuingia mara moja na euro 100 kwa ya kuingia mara nyingi. Yeye asilipe hata senti.

Maombi ya Ireland hujazwa mtandaoni, kisha muhtasari huchapwa, husainiwa na kutumwa na pasipoti kwenye ofisi iliyotajwa kwenye muhtasari huohuo. Kosa la kawaida ni kujaza kama mtalii, kubandika taarifa za benki za miezi sita, barua ya mwajiri na mwaliko wa bwana harusi, halafu kutotaja Agizo mahali popote. Afisa akipokea bahasha ya mtalii ataipima kwa mizani ya utalii, na anaweza kuikataa kwa hoja kwamba mwombaji hakuonyesha atarudi. Hoja hiyo haina nafasi kwa mke wa raia wa Umoja anayesafiri naye. Barua ya maelezo ianze kwa kusema kwamba anaomba kama mke wa raia wa Ujerumani kwa ibara ya 5(2) ya Agizo 2004/38/EC, kwamba mumewe anasafiri kwenda Ireland kuanzia tarehe fulani, na kwamba yeye anafuatana naye. Mume aandike karatasi yake fupi inayothibitisha hayo, naye asaini. Viambatanisho vinatosha vinne: pasipoti yake, cheti cha ndoa, nakala ya pasipoti ya mume, na ushahidi wa safari ya pamoja kama vile oda ya tiketi. Akizidisha makaratasi ya fedha anamkaribisha afisa kuyachambua.

Cheti cha ndoa kiwe cha serikali. Waliofungishwa ndoa Bara wapate nakala iliyothibitishwa na RITA, wakala wa serikali wa usajili, waliofungishwa Zanzibar waipate kwa wakala wa usajili wa matukio ya kijamii wa huko. Karatasi ya msikiti au ya kanisa ambayo haikuingia kwenye daftari la serikali itawafanya wahesabike kama wachumba wa muda mrefu, kundi ambalo haki yake ni dhaifu zaidi: nchi inatakiwa kuwarahisishia tu, si kuwakubali. Ofisi ikishuku kama cheti ni cha kweli, inaweza kudai kithibitishwe na wizara ya mambo ya nje na ubalozi, na inaweza kudai tafsiri kama haielewi lugha. Inachokatazwa ni kudai ndoa isajiliwe kwanza katika nchi ya mume. Balozi kadhaa hudai hivyo hata leo, na jibu ni kuwaomba waandike dai hilo na sheria wanayoitumia.

Wakinyima, lazima watoe sababu kwa maandishi na waonyeshe njia ya rufaa. Sababu zinazokubalika ni chache: kwamba ujamaa haukuthibitishwa, kwamba ndoa ni ya makaratasi, au kwamba mtu mwenyewe, kwa mwenendo wake, ni hatari ya kweli kwa usalama, utulivu au afya ya umma. Sambamba na rufaa, shemeji yako apeleke shauri SOLVIT, huduma ya bure ambayo kila nchi mwanachama inayo, inayofuatilia ofisi za serikali zinazokiuka sheria ya Umoja na kulenga kumaliza ndani ya wiki kumi. Haishughulikii shauri lililokwisha fika mahakamani, kwa hiyo mpangilio una maana. Kwa swali la kisheria kabla ya safari kuna Your Europe Advice, bure pia, ambako wanasheria hujibu kwa maandishi. Jibu lao likichapwa na kuambatanishwa na maombi, afisa husoma barua yako kwa makini zaidi.

Mdogo wako angeweza kupata kadi kama yako? Angeweza kama wangehamia nchi nyingine kuishi, hata Venlo, Uholanzi, mpakani hapo. Na wakikaa huko kweli zaidi ya miezi mitatu kisha wakarudi Ujerumani, haki za Umoja zinawafuata nyumbani. Msingi wake ni kesi ya Singh ya 1992 na ufafanuzi wa kesi ya O. na B., namba C-456/12, ya tarehe 12 Machi 2014, iliyosema mapumziko ya wikiendi hayahesabiki. Sishauri mtu ahamishe nyumba kwa ajili ya harusi moja. Nalitaja kwa sababu wanandoa wengine wako njia panda hata hivyo, na wakijua hili mapema wataweka mikataba ya pango na hati za mishahara ya kipindi hicho mahali salama. Hispania ilikuwa na utaratibu wake: kwa miaka mingi iliwapa wake wa Wahispania kadi ileile ya jamaa wa raia wa Umoja, na tangu tarehe 20 Mei 2025 kanuni mpya inawapa kibali chao cha pekee. Dada zetu walioolewa na Wahispania wanaoishi kwao wasome kadi mpya watakayopewa kabla ya kukata tiketi ya Dublin.

Belfast sasa. Basi la kutoka Dublin linavuka bila kituo cha pasipoti, na hilo ndilo linalowahadaa watu. Kipindi cha mpito cha Uingereza kiliisha tarehe 31 Desemba 2020, Agizo halitumiki tena huko, na kadi yako haina kazi kuanzia pale unapovuka mpaka. Ukaguzi wa ghafla hufanyika, na Mtanzania akikutwa Belfast bila viza ya Uingereza ameingia kinyume cha sheria, kumbukumbu ambayo itajitokeza kwenye kila fomu ya viza atakayojaza baadaye. Kama mnaitaka Belfast, ombeni viza za matembezi za Uingereza. Kawaida huchukua wiki tatu, na kwa mdogo wako hesabu ni ngumu zaidi kwa sababu pasipoti haiwezi kuwa kwa Waingereza na kwa Waairishi wakati mmoja. Aanze na moja, arudishiwe pasipoti, ndipo apeleke ya pili: miezi mitatu kabla ya harusi si mapema mno. Viza yake ya Ireland nayo iwe ya kuingia mara nyingi, la sivyo akivuka kwenda kaskazini hana ruhusa ya kurudi Dublin kupanda ndege. Waume zenu nao wakumbuke kibali cha kielektroniki cha Uingereza, na wabebe pasipoti, kwa kuwa kitambulisho cha Ujerumani hakikubaliwi kule tangu Oktoba 2021. Ningekuwa nawapangia safari, Belfast ningeiacha kwa mwaka mwingine.

Wasomaji walioko Dar es Salaam, Mombasa, Kigali au Lubumbashi na wenzi wa Kizungu, hesabu yenu ni hiyohiyo ila fomu ni ya Schengen. Mke wa Mjerumani anayeishi Dar akiomba kwenda Ujerumani na mumewe, yuko chini ya sheria ya Ujerumani. Safari ikiwa ya Hispania, yuko chini ya Agizo: halipi ada ya euro 90, haleti bima ya safari wala oda ya hoteli, na majibu kupita siku 15 yanapaswa kuwa nadra na yenye maelezo. Kwenye fomu ajaze namba 17 na 18 zinazomhusu mwenzi, na aache wazi zenye nyota: 21, 22, 30, 31 na 32. Kampuni zinazopokea maombi kwa niaba ya balozi hutoza ada yao ya huduma. Mna haki ya kupeleka maombi moja kwa moja ubalozini bila kulipa chochote, na ada hiyo ni ya anayechagua mwenyewe kupitia kampuni. Safari kuu iwe kweli ile mliyoandika, maana kuandika Hispania huku mnakwenda kukaa Munich wiki tatu kunaweza kufuta viza. Na kwa Wakongomani: pasipoti ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo inadaiwa viza hata ya kubadili ndege ndani ya viwanja vya Schengen, lakini jamaa wa raia wa Umoja amesamehewa. Mwenye kuunganisha ndege Brussels abebe cheti cha ndoa mkononi, asikiweke kwenye begi la mizigo.

Mama. Agizo linawatambua wazazi wa raia na wazazi wa mwenzi wake, kwa sharti kwamba wanawategemea. Kwa hiyo mama anaweza kuja Rotterdam kama mama mkwe wa Mjerumani anayeishi Uholanzi, kwa viza ya bure na ya haraka. Kesi inayofanana kabisa ni ya Jia, namba C-1/05, ya tarehe 9 Januari 2007: mama mkwe Mchina wa Mjerumani aliyekuwa akifanya shughuli zake Sweden. Mahakama ilieleza kwamba kumtegemea ni kuhitaji msaada wa mali kwa mahitaji ya lazima huko anakotoka, na kwamba ahadi ya mkwe kuwa atamtunza haitoshi peke yake. Kinachosaidia ni kumbukumbu: fedha zilizotumwa kila mwezi kwa benki au kwa simu zenye jina la mtumaji na mpokeaji, risiti za dawa, kodi ya nyumba, ada ya hospitali, na maelezo ya kipato chake mwenyewe ili ionekane kwamba bila msaada wenu hakimtoshi. Kama mmekuwa mkimpa fedha mkononi kila mkienda likizo, hakuna cha kuonyesha. Anzeni kutuma kwa njia yenye kumbukumbu, na zitumwe na wewe au mumeo, siyo na binamu kwa niaba yenu. Kama mama ana pensheni na duka linalokwenda, msilazimishe hoja ya utegemezi: aombe viza ya kawaida ya matembezi na aeleze duka hilo kama sababu ya kurudi. Kuchanganya hoja hizi mbili kwenye faili moja huziua zote.

Kwa upande wa Düsseldorf njia hiyo haipo. Mama akialikwa na mdogo wako atakuwa mgeni wa kawaida wa Ujerumani, na shemeji yako atatakiwa kwenda ofisi ya wageni kusaini hati ya kubeba gharama, Verpflichtungserklärung, kwa euro 29. Ndiyo maana ni bora mwaliko utoke kwako na makazi yake makuu yawe Rotterdam. Viza ya Schengen atakayopewa na Uholanzi itamruhusu pia kupanda treni kwenda kumwona mdogo wako. Ujerumani imerudisha ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu tangu tarehe 16 Septemba 2024, na polisi hupanda treni hizo, kwa hiyo yeye awe na pasipoti yenye viza mkononi, na wewe pasipoti na kadi.